Mtoto Aliyefunika Mdomo

Viatu nilinunua Korogwe. Nianze na viatu, wanangu, kwa sababu nikianza na uji mtadhani nilizaliwa nimeshika mwiko. Nilikuwa kijana wa kwenda manamba, kibarua cha mkataba. Tulitoka Kibondo kwa miguu mpaka relini, tukapanda treni, tukashushwa huko kwenye mashamba ya mkonge, nchi ya joto ambayo hata kivuli chake kinachoma. Mguu wangu ulikuwa haujawahi kuona kiatu. Siku moja dukani nikaona buti nyeusi zimening'inizwa kwa kamba zake, nikazipenda. Muuza duka akaniuliza, "Namba ngapi?" Mimi sikujua kwamba mguu wa mtu una namba. Kusema sijui nikaona aibu. Nikatazama huku na huku, nikaona namba imeandikwa juu ya mlango, nikaitaja hiyohiyo.

"Hiyo namba ya nyumba," akasema. "Mguu wa hivyo hata tembo hana."

Duka zima likacheka. Nikachukua buti za kwanza alizonisogezea, nikatoka bila kuzijaribu. Zilinibana vibaya sana. Kuzirudisha nikaona aibu tena, kwa hiyo nikazivaa kazini hivyohivyo, kucha mbili zikang'oka, vidole vikavimba. Mnyapara aliponiona nachechemea katikati ya mistari ya mkonge akasema, "Wewe Muha, nenda jikoni ukamenye muhogo mpaka miguu ipone."

Miguu ikapona, mimi nikabaki jikoni. Mpishi mkuu alikuwa Mmakonde mmoja mfupi, hana haraka na kitu chochote. Ndiye aliyenifundisha kwamba unga unaanza na maji ya baridi pembeni, unakorogwa mpaka uwe laini, ndipo unamiminwa kwenye maji yanayochemka, maana mabonge yote ya duniani yanatokana na mtu aliyemwaga unga mkavu kwenye maji ya moto. Alinifundisha kusonga ugali kwenye pipa, kusimama kwa miguu miwili sawasawa, kusukuma kwa kiuno badala ya mabega. Nilipika miaka kadhaa kwa ajili ya wanaume wenye njaa. Wanaume wenye njaa ni rahisi. Ukiwawekea jiwe lenye chumvi watakula.

Niliporudi Uha nikanyamaza. Kwetu mwanamume hakai kwenye mafiga. Nilioa mke wangu Yuditha, tukazaa, binti yetu wa kwanza tukamwita Anastazia, na miaka yote hiyo mke wangu hakujua kwamba naweza kupika. Akiugua nilimwita dada yangu aje atupikie, nami najikalia nje huku naona kabisa kwamba dada anaunguza maharage. Nilivumilia maharage mengi ya kuungua kwa ajili ya heshima.

Nisiwachoshe. Nimesoma darasa la pili tu, haya maandishi mengine niliyapata ukubwani kwenye masomo ya watu wazima, kwa hiyo mkiona naruka huku na kule mnivumilie. Ninachotaka kuwaandikia ninyi mnaolea watoto sasa ni habari ya kulisha mtoto mdogo anayekataa kula, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya miaka ya tisini, na ndiyo kazi iliyonitia aibu kuliko buti.

Miaka hiyo wakimbizi wa Burundi walivuka kwa wingi. Kambi zikajaa, na pembeni ya kambi moja huku kwetu Kibondo likajengwa banda la kulishia watoto waliokonda, wa wakimbizi na wa wenyeji pia. Wakatafuta mtu anayeweza kupika kwenye masufuria makubwa. Tulikuwa tumekusanyika wengi tunatafuta kibarua cha kuchimba vyoo. Yule aliyekuwa anaandikisha akauliza, "Nani amewahi kupika kwa watu wengi?" Mkono wangu ukapanda wenyewe. Wanaume wenzangu waligeuka wakanitazama kama nimevua suruali.

Kuanzia kesho yake, vijana wa sokoni wakanipokea hivi:

"Shikamoo, mama!"

"Mama, leo kuna mboga gani?"

"Mama, mbona umesahau kilemba?"

Nilianza kupita njia ya nyuma ya soko, kwenye takataka na mbwa. Mke wangu naye hakunisemesha siku kadhaa. Hakukasirishwa na kazi. Alikasirishwa na miaka yote ya maharage ya kuungua.

Mkuu wa banda alikuwa Mama Rehema, mama wa Kiislamu wa pale mjini Kibondo ambaye wazazi wake walitoka Ujiji. Mnene, msafi, mdomo wake haupumziki. Msaidizi wangu alikuwa Spesioza, mkimbizi kutoka Burundi, mama wa watoto wanne, kimya sana, lakini akifungua mdomo ni bora usikilize.

Somo la kwanza nililipata kwa aibu, kama kawaida yangu. Nilidhani mtoto akikataa analazimishwa. Ndivyo tulivyolelewa: mtoto analazwa mapajani, anabanwa pua, uji unamiminwa kwa kiganja, ameze au apaliwe. Nikamfanyia hivyo mtoto mmoja. Mama Rehema akaona. Alinijia kwa nyuma, akanibana pua, na nilipofungua mdomo kuvuta pumzi akanitia kijiko kizima cha uji mbele ya akina mama wote. Mwanamume mzima. Nikapaliwa, uji ukanitokea puani.

"Mtamu?" akaniuliza.

Akina mama walicheka mpaka watoto wakaogopa. Mimi nilitaka ardhi inimeze, kwa sababu kwetu mtu mzima hali mbele za watu. Pombe tutakunywa pamoja barazani, ndiyo, lakini kutafuna ni jambo la ndani ya nyumba. Na hapo nimelishwa hadharani kama ndama. Lakini tangu siku hiyo sijamlazimisha mtoto. Mtoto uliyembana pua leo, kesho akiona kijiko anaona adui.

Basi nikaanza kujifunza upya, maana wanaume wa mkonge hawakunifundisha chochote kuhusu watoto. Mtoto wa miaka miwili ni mzee mdogo, ana misimamo yake. Kulikuwa na msichana aliyekataa kila sahani tuliyompa, mpaka Spesioza akagundua kwamba anataka kikombe cha kaka yake, kile cha bati kilichobonyea. Tukamwekea uji uleule kwenye kikombe cha kubonyea, akamaliza. Kulikuwa na mwingine ambaye hakula kitu chenye rangi. Kitu cheupe tu. Maharage hataki, mawese hataki, boga hataki. Nikakaanga dagaa wakavu bila mafuta, nikawatwanga mpaka wakawa unga, nikachanganya kidogokidogo kwenye viazi vilivyopondwa. Kwanza kidogo asijue. Kesho yake nikaongeza. Mwishowe viazi vilikuwa na rangi ya vumbi na yeye anakula tu, tayari alikuwa amezoea ladha.

Maharage, wanangu, yanamshinda mtoto kwa sababu ya maganda. Yachemshe, kisha yasugue kwenye maji kati ya viganja, maganda yaelee, uyamwage. Kilichobaki kiponde na ndizi mbivu ya kupikwa, tia mawese kijiko kimoja tu. Parachichi liponde na kiazi kitamu cha moto, lisiwe peke yake, linateleza na watoto wengi hawapendi kitu kinachoteleza. Karanga usimpe nzima, itamkwama. Ikaange, itwange, itie kwenye uji au kwenye kisamvu. Uji uwe mzito wa kubaki kwenye kijiko, maana tumbo la mtoto ni dogo na ukilijaza maji hakuna nafasi ya chakula. Na mkatie kiazi vipande virefu kama vidole vyako ashike mwenyewe. Atajipaka usoni, atajipaka kichwani, mwache. Kinachoingia kwa mkono wake mwenyewe kinakaa.

Weka kidogo. Hilo ndilo kubwa. Sahani iliyojaa inamtisha. Weka kama kiganja chake, akimaliza ataomba, na akiomba ujue umeshinda.

Siku hizi naona mnamwashia simu aangalie katuni ndipo mnamvizia na kijiko. Sisemi kitu. Mimi niliwaimbia nyimbo za mkonge, nyingine hazifai mbele ya watoto, bahati nzuri hawakujua Kizigua.

Nikawa na sifa. Akina mama wa kambini wakawa wanasema, "Mpeleke kwa muzee, atakula." Vijana wa sokoni walipunguza shikamoo zao. Nikaanza kupita njia ya mbele. Nasema haya mjue nilikuwa nimepanda juu kiasi gani siku mama mkwe wangu aliposhuka kwenye lori.

Mama mkwe wangu alikuwa anaishi Muyama, kule Kasulu. Yeye nami hatukupishana sana kwa umri, maana nilichelewa kuoa. Binti yake mdogo, mdogo wake Yuditha, alikuwa na mtoto wa kiume anaitwa Gervas, hajafika hata miaka miwili vizuri, mama yake akapata mimba nyingine. Gervas akaachishwa ziwa ghafla kwa kupakwa shubiri, akapelekwa kwa bibi kama ilivyo kawaida. Akasusa. Alimkasirikia mama, akakasirikia chakula, akamng'ang'ania bibi peke yake. Mtu mwingine akimbeba analia mpaka anazimia. Nywele zikaanza kuwa nyekundu. Bibi akasikia kwamba Kibondo kuna banda, na mpishi wa banda ni mkwewe. Akapanda lori la maharage na mtoto mgongoni, akaja.

Sasa niwaeleze ninyi ambao mnakula meza moja na wakwe zenu na kutumiana ujumbe wa kuchekesha. Kwetu mama mkwe, mabukwe kwa Kiha, na mkwewe wa kiume walikuwa hawatazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Hamsemeshani moja kwa moja. Na kula, ndiyo kabisa: yeye kukuona unatafuna, au wewe kumwona yeye, ni kama kuonana uchi. Watu wa mjini walikuwa wameanza kuacha. Sisi bado. Na huyu mama anakuja kukaa nyumbani kwangu, nyumba ya vyumba viwili.

Tulisemeshana kupitia mtoto.

"Gervas," mama mkwe alisema kutoka ndani, amegeukia ukuta, "mwambie baba yako mkubwa tumefika salama."

"Gervas," nikasema kutoka nje, "mwambie bibi karibuni sana, na poleni na safari."

Neno alilolijua Gervas lilikuwa moja: "Oya." Maana yake hapana.

Nilijipangia utaratibu. Nikirudi kazini, nikifika kwenye migomba yangu nilikohoa kwa nguvu, ili kama mama mkwe yuko uani anakula aweze kuficha sahani na kuingia ndani. Nikasikia bati linagonga chini, mlango unafungwa, ndipo naingia. Nilijiona mkwe mwema. Majirani wakawa wananisifu, yule ana adabu, anakohoa tangu barabarani.

Bandani kulikuwa na sheria kwamba mlezi anakaa na mtoto mkekani mpaka amalize, mbele yetu, ili chakula kisiende kuuzwa. Kwa hiyo mama mkwe akaja akakaa mkekani, amenipa mgongo, kitenge kimemfunika kichwa mpaka machoni, Gervas mapajani.

"Wee bibi!" Mama Rehema akasema. "Hebu geuka. Mtoto atakula kwa kisogo?"

"Muache tu," nikanong'ona. "Ni mama mkwe wangu."

"Ebo! Na mimi nina wakwe, lakini hapa ni kazini."

Nikampelekea Gervas uji wa ulezi. Alinitazama, akachukua ncha ya kitenge cha bibi kwa mkono wa kushoto, akafunika mdomo, akageuzia uso begani. "Oya."

Nikasema sawa, ni siku ya kwanza. Kesho yake nikamwekea boga na maziwa. Akafunika mdomo. Nikaleta ndizi na mawese, kiazi cha kushika mkononi, viazi vya dagaa, kikombe cha bati cha kubonyea. Nikaimba. Nikampa kijiko chake mwenyewe. Nikaleta mtoto mwingine mlafi akae karibu naye. Kila nikija, ncha ya kitenge, mdomo, bega. Oya. Alikuwa akiambulia maziwa kidogo tu, kikombe nacho ni bibi amemshikia, mimi nikiwa mbali kwenye masufuria.

Nyumbani mke wangu akaniambia, "Unalisha watoto wa Burundi yote, huyu mmoja wa mdogo wangu anakushinda?"

"Ana kiburi."

"Ana njaa, Baba Anastazia."

Mama Rehema alimpima kila alipokuja. Mtoto aliyekuja kwetu ili anenepe alikuwa amepungua kuliko siku aliyofika. Akanivuta pembeni, sauti yake safari hii ya chini.

"Akishuka tena namwandikia hospitali, alazwe. Na akifika huko katika hali hii mimi siahidi kitu. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Nilirudi kwenye sufuria, na sikuweza kuwatazama wale akina mama waliokuwa wanasema mpeleke kwa muzee. Wote walikuwa wanaona. Wengine walianza kumpa Spesioza vikombe vyao badala yangu.

Ni Spesioza aliyenifungua macho. Siku hiyo alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya lundo la kuni.

"Muzee, simama hapa. Usionekane."

Akachukua sahani, akaenda akachuchumaa mbele ya Gervas. Niliona kupitia katikati ya kuni. Mtoto alimtazama Spesioza. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Hakuufunika. Akamtazama bibi yake usoni, kama anasubiri kitu. Bibi hakufanya kitu. Spesioza akageuza kichwa upande wangu.

"Sasa kohoa."

"Nikohoe?"

"Kohoa kama unafika nyumbani kwako."

Nikakohoa.

Mkono wa kushoto wa mama mkwe uliruka ukavuta kitenge ukafunika mdomo, uso ukageukia begani. Na mkono wa kushoto wa Gervas, pamoja nao, bila kuchelewa hata kidogo, ukavuta ncha ileile ukafunika mdomo, uso begani. Bibi na mjukuu, kama wanacheza ngoma moja.

Spesioza akaanza kucheka, akajizuia. Alikuja kwenye kuni.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Huyu mtoto hana kiburi. Ana adabu. Anakufanyia anavyofanya bibi yake. Weye ukitokea, chakula kinafichwa. Kila siku, nyumbani, hapa. Yeye amejifunza kwamba mbele yako hatuli."

"Basi wewe umlishe. Nitajificha."

"Umeona alivyomtazama bibi? Anataka amwone bibi anakula kwanza. Na bibi atakula nini hapa? Chakula hiki kimepikwa na mkono wako, na mama mkwe hali kilichopikwa na mkwewe."

Wanangu, nilikuwa nimejisifu kwa kile kikohozi. Nilikuwa nakohoa kwa nguvu zaidi ili majirani wasikie. Na kila nilipokohoa kwenye migomba ile nilikuwa namnyang'anya mtoto tonge. Huyo bibi naye, nilikuja kujua kwa mke wangu, tangu aingie nyumbani kwangu alikuwa anakula matonge mawili matatu ya haraka nyuma ya choo, kama mwizi, kwa hofu ya kusikia mtu anakohoa. Mtoto alikuwa amefungwa mgongoni wakati huo. Hakumwona hata mara moja amekaa chini akala.

Mama Rehema aliposikia akapiga makofi.

"Dawa ni moja. Mkae hapo wote wawili, mle sahani moja mbele ya mtoto, yaishe. Desturi, desturi! Mtoto anakwenda hivi hivi tunamwona!"

Nilijua ana haki. Mama mkwe naye, nadhani, alijua. Tukakaa mkekani. Kati yetu Mama Rehema akaweka sahani ya ndizi za maharage, vijiko viwili, Gervas mapajani mwa bibi yake. Akina mama wa banda zima wakaacha kulisha watoto wao wakatutazama. Wale wa Burundi waliinamisha vichwa, maana desturi hiyo ni yao pia. Mmoja wa wenyeji akacheka, mwenzake akampiga kiwiko.

Nikachukua kijiko. Nikatia chakula mdomoni. Hakikushuka. Nilikaa nacho shavuni, sitafuni wala sitemi. Nilikuwa namtazama mama aliyemzaa mke wangu, kwa mara ya kwanza niliuona uso wake wote, na kumbe ana makovu madogo ya ndui kwenye paji, hata sikuwahi kujua. Yeye alishika kijiko. Maharage yakadondoka kwenye goti la mtoto. Alikipandisha mpaka karibu na mdomo. Machozi yakamtoka. Akakirudisha.

"Gervas," akasema, sauti haitoki vizuri, "mwambie baba yako mkubwa anisamehe. Mwambie nimejaribu. Mwambie nikila mbele yake nitakuwa nimemvua nguo, na mimi nimevua, na binti yangu nitamtazamaje."

Gervas alimtazama bibi, akanitazama mimi na shavu langu lililojaa. Akavuta ncha ya kitenge.

"Gervas," nikasema. Ilibidi nimeze kwanza, nikameza kizimakizima. "Mwambie bibi hana kosa."

Nikasimama. Sufuria kubwa la uji wa saa nne lilikuwa linachemka. Nikampa Spesioza mwiko.

"Koroga."

"Unakwenda wapi?"

"Kukojoa."

Nikageuka tena nikamwambia, "Ukimaliza hilo, teleka kasufuria kadogo. Ndizi mpya, maji mapya, mkono wako. Na umwambie bibi kwa sauti kwamba umepika wewe."

Spesioza alinitazama, nadhani alielewa, akaanza kukoroga. Nilitoka nikasimama nyuma ya ua wa matete, upande unakoelekea upepo ili harufu yangu ya moshi isirudi ndani. Ndiyo, hata hilo nililifikiria. Mtoto anajua harufu.

Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Nikamsikia Spesioza akisema na bibi kwa Kirundi, polepole, na bibi akijibu kwa Kiha. Nikasikia, "Ameondoka?" Nikasikia, "Ameondoka, mama." "Atarudi?" Hapo mwiko wa Spesioza uligonga ukingo wa kasufuria. Kisha akasema, "Harudi."

Nilichungulia kwenye matete. Mama mkwe alishusha kitenge kikaanguka mabegani. Alitazama mlango. Akavuta sahani ya Spesioza karibu, akachota kijiko kilichojaa, akala. Hakula kidogo kidogo kwa adabu. Alikula kama mtu ambaye hajala tangu Muyama. Alitafuna mdomo wazi, shavu moja, shavu la pili, na Gervas alikuwa ameinua uso anamtazama kama anaona kitu kipya duniani. Akamshika bibi kidevu kinavyokwenda juu na chini. Kisha akatia vidole vyake kwenye sahani.

Banda lilipiga kelele. Vigelegele, wakimbizi na wenyeji pamoja. Na juu ya kelele zote sauti ya Mama Rehema:

"Baba Anastazia! Uko wapi wewe? Njoo uone! Anakula! Jamani, mwiteni mpishi aje aone!"

Hatua chache tu na ningeingia. Nilitamani sana kumwona akitafuna. Nilikuwa nimempikia vyakula vyote nilivyovijua.

"Baba Anastazia! Mbona huitiki?"

Sikuitika. Nilivua aproni, nikaitundika kwenye mti wa ua, nikashika njia ya nyuma ya soko. Nilisikia nikiitwa tena, kisha sauti zikawa mbali. Spesioza alikuwa amemwambia bibi kwamba sirudi, na bibi alikula kwa neno hilo; banda lile sikurudi.